Ngome isiyolika: Hastings, Agosti 1895

Mara ya kwanza nilipoupanga mchezo huu wa sataranji ubaoni, nikifuata hatua moja baada ya nyingine kutoka kwenye karatasi, nilipofika hatua ya 22 nilisimama nikarudi nyuma. Nilikuwa na hakika nimekosea mahali. Malkia wa Mweupe alikuwa analika. Ngome yake moja ilikuwa inalika, tena na kete mbili tofauti. Ngome ya pili inalika. Farasi analika na askari. Ukimtoa mfalme na askari watano waliobaki nyumbani, Mweupe hakuwa na kete nyingine, yaani jeshi lake zima lilikuwa mdomoni mwa adui kwa wakati mmoja. Nikaanza upya, nikafika palepale. Hakukuwa na kosa. Na anayeshinda ni huyo huyo Mweupe.

Mchezo wenyewe ulichezwa tarehe 17 Agosti 1895 katika mji wa Hastings, pwani ya kusini ya Uingereza, raundi ya 10 ya mashindano. Mweupe alikuwa Wilhelm Steinitz, mzaliwa wa Prague, mzee wa miaka 59 aliyekuwa amenyang'anywa taji la dunia na Emanuel Lasker mwaka mmoja tu kabla. Mweusi alikuwa Curt von Bardeleben wa Berlin, miaka 34. (Kwa lugha ya sataranji, Mweupe na Mweusi ni rangi za kete tu, msije mkanielewa vingine.) Mchezo huu una mafundo mawili, na wengi hulijua moja bila la pili. La kwanza liko ubaoni: kwa nini Mweusi hakuweza kula chochote, na vyote viko mezani? La pili liko nje ya ubao: kwa nini, badala ya kuendelea kucheza au kukiri ameshindwa, Von Bardeleben alisimama akatoka ukumbini bila kusema neno, na sheria ikamruhusu?

Nianze na mahali penyewe. Hastings ya 1895 haikuwa mashindano ya kawaida. Kwa muda mrefu katika karne ile mabingwa walikuwa wakikutana zaidi wawili wawili kwa dau, au wachache wachache mijini kwenye mikahawa. Safari hii walialikwa wachezaji 22, na kila mmoja alicheza na wenzake wote 21, katika jengo la Brassey Institute, kuanzia tarehe 5 Agosti mpaka mwanzoni mwa Septemba. Lasker alikuwepo. Tarrasch wa Ujerumani alikuwepo, Chigorin wa Urusi pia, na Blackburne wa Uingereza mwenyewe. Steinitz ambaye jina lake lilikuwa limetawala kwa zaidi ya miaka 20 alikuwepo, akitembea kwa shida kwa sababu ya mguu. Na alikuwepo kijana Mmarekani wa miaka 22, Harry Nelson Pillsbury, ambaye wengi hawakuwa wamemtia maanani. Zawadi ya kwanza ilikuwa pauni 150. Pillsbury ndiye aliyekwenda nayo nyumbani, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Steinitz alikuwa mtu wa sura mbili. Ujanani, akiwa Vienna, alicheza kama walivyocheza watu wa zama zake: unatoa kete sadaka mapema, unamvamia mfalme, ukishinda watu wanapiga makofi, ukishindwa umeshindwa kiume. Baadaye akaja na fundisho lililowaudhi wengi. Alisema huwezi kushambulia kwa kutaka tu. Kwanza uwe na faida fulani ubaoni, hata ndogo, kisha ndipo uruhusiwe kushambulia. Na ukishakuwa nayo si hiari tena, lazima ushambulie, la sivyo faida itayeyuka. Watu waliona anaugeuza mchezo kuwa uhasibu. Kwa hiyo wanaoutazama mchezo wa Hastings kama mzee aliyerudia mambo ya ujana wanakosea, kwa maoni yangu. Mvua ile ya sadaka ilitoka moja kwa moja kwenye uhasibu wake.

Tuutazame ubao. Vyumba ni 64. Safu za wima zina herufi a mpaka h, za mlalo zina namba 1 mpaka 8, tukihesabu kutoka upande wa Mweupe. Waingereza wa wakati ule hawakuandika hivi. Kila mchezaji alihesabu kutoka kwake, kwa hiyo chumba kimoja kilikuwa na majina mawili: hicho tunachokiita e7, kwa Mweupe kilikuwa cha saba mbele ya mfalme, kwa Mweusi kilikuwa cha pili. Ukisoma vitabu vya zamani bila kulijua hilo utachanganyikiwa haraka.

Mwanzo ulikuwa mchezo wa Kiitaliano, wa kale hata kwa wakati ule, na nitaupita haraka. Kete nyingi zililana katikati, maaskofu wote wanne wakatoka. Kufikia hatua ya 16 pande zote mbili zilikuwa na malkia, ngome mbili, farasi mmoja na askari sita. Sawa kwa sawa. Lakini mfalme mweusi alikuwa bado e8, alipozaliwa. Mbele yake, e7, amesimama farasi wake. Ubavuni, d7, yuko malkia wake. Mweupe naye ameweka malkia e2 na ngome e1, wote wawili wakiutazama mstari wa e kama watu wawili wanaochungulia kwenye tundu moja la ufunguo.

Hapo ndipo faida ya Steinitz ilipo, na haihesabiki kwa kete. Farasi wa e7 amefungwa: akiondoka, mfalme anabaki wazi, na sheria inakataza. Na mfalme mwenyewe akikimbilia pembeni kwa ile hatua ya kubadilishana na ngome, farasi anabaki na mlinzi mmoja tu, malkia, wakati wanaomtaka ni wawili. Analiwa. Dawa ilikuwepo. Mfalme angesogea chumba kimoja tu, mpaka f7, angeendelea kumlinda farasi na ngome zingepata njia ya kuungana. Von Bardeleben badala yake akasogeza askari wa c mpaka c6, hatua inayoonekana ya busara, ya kuzuia Mweupe asisogeze askari wake d5.

Steinitz akamsogeza hivyo hivyo. Hatua ya 17, askari kutoka d4 kwenda d5, akaliwe bure.

Wachambuzi huimba sifa za hatua za mwisho. Mimi hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Yule askari hakutolewa ili afungue njia kuelekea kwa adui. Alitolewa kwa sababu alikuwa amekalia kiti cha mtu. Chumba cha d4 kilitakiwa na farasi wa f3, apitie hapo kwenda e6, katikati ya uwanja wa nyumbani wa Mweusi. Maadamu askari wao wenyewe alikaa d4, farasi hakuwa na pa kukanyaga. Basi askari akafukuzwa akafe, farasi akapita. Von Bardeleben alimla askari, farasi akafika d4, mfalme mweusi akashtuka na kwenda f7 akiwa amechelewa hatua mbili, na farasi akatua e6.

Mweusi alileta ngome yake moja c8 kuikabili ngome ya Mweupe iliyoko c1. Steinitz akapeleka malkia g4. Tazama mstari wa mshazari kutoka g4: f5, halafu e6 alipo farasi mweupe, halafu d7 alipo malkia mweusi. Malkia wawili wanatazamana na kati yao kuna farasi mmoja tu. Farasi akiondoka popote, malkia mweusi anashambuliwa. Na akiondoka kwa kupiga cheki, yaani kumshambulia mfalme moja kwa moja, Mweusi hana nafasi ya kumsogeza malkia. Lazima kwanza amshughulikie mfalme. Mweusi akaziba g7 kwa kusogeza askari g6, na farasi akaruka g5, cheki. Askari wa f6 angeweza kumla farasi huyo, lakini malkia angekwenda. Mfalme akarudi e8, chumba pekee ambacho kutoka hapo anaweza kumlinda malkia wake.

Sasa ndiyo hatua ya 22. Ngome ya e1 inapanda mstari mzima, inakula farasi e7, na inakaa hapo, ikimgusa mfalme bega kwa bega, cheki.

Jaribu kuila. Mimi nilijaribu, kete mkononi. Akiila mfalme, ngome ya pili inahamia e1 kwa cheki nyingine, na mfalme hana pa kurudi: akirudi nyuma anampoteza malkia, akisonga mbele anatoka uwanjani mchana kweupe, na malkia mweupe anamkimbiza d6, c7, b8, mpaka anakwama nyuma ya askari wake mwenyewe. Akiila malkia, basi ameacha kuilinda ngome ya c8. Ngome ya c1 inaila, ngome nyeusi nyingine inairudishia, malkia mweupe anaila hiyo nayo, malkia wanabadilishana, na vumbi likitulia Mweupe ana farasi mzima zaidi. Kwa mabingwa wa kiwango kile, farasi mmoja ni mchezo umekwisha.

Von Bardeleben akaona la tatu, na lilikuwa zuri kweli. Hakula kitu. Mfalme wake alisogea f8.

Hapa ndipo nilipodhani nimekosea kunakili. Malkia wa g4 analika na malkia wa d7. Ngome ya e7 inalika na malkia huyo huyo na pia na mfalme. Farasi wa g5 analika na askari wa f6. Ngome ya c1 inalika na ngome ya c8. Na hii ya mwisho ndiyo yenye sumu: ngome nyeusi ikila c1 ni cheki, na mfalme mweupe yuko g1 nyuma ya askari wake watatu ambao hajawahi kuwasogeza, hana hata dirisha la kuvutia pumzi. Kwa mfano, Mweupe akimla malkia wa d7, jambo ambalo mkono wa mtu yeyote ungekimbilia, ngome inakula c1, ngome nyeupe inarudi e1 kuziba, inaliwa, na ni chekimeti: mfalme anashambuliwa na hana pa kukimbilia, mchezo umekwisha. Ameshinda malkia, amepoteza mchezo.

Fundo lote liko hapo. Mweupe hana hata hatua moja ya kupumzika. Kuanzia sasa kila anachocheza lazima kiwe cheki, kwa sababu cheki ndiyo amri pekee ambayo Mweusi hawezi kuipuuza. Na Mweusi naye ana kamba shingoni: malkia wake wa d7 hana mlinzi tena, kwa hiyo kila mfalme akila kitu kwa pupa, malkia analiwa nyuma yake, tena kwa cheki, na ile sumu ya c1 haipati nafasi. Huyu anamtishia yule na yule anamtishia huyu. Tofauti yao ni kwamba wa kwanza bado ana cheki mfukoni.

Steinitz akazitoa moja moja. Ngome ile ile isiyolika ikahama e7 kwenda f7, cheki. Mfalme akiila, malkia anakwenda kwa cheki. Malkia akiila, ameiacha c8, na hesabu ya farasi mmoja inarudi. Mfalme akirudi e8, malkia mweupe anakula d7 na ni chekimeti papo hapo. Kwa hiyo mfalme akaenda g8. Ngome ikamfuata g7, cheki, majibu yale yale. Mfalme akaenda h8, pembeni kabisa. Ngome ikala askari wa h7, cheki. Ni hatua ya 25. Ngome moja imetembea e7, f7, g7, h7, vyumba vinne mfululizo mlangoni kwa adui kama mgeni anayebisha hodi kila nyumba ya mtaa, kila mara imekaa ubavuni kwa mfalme, na haikuliwa.

Kwenye ubao, mchezo unakoma hapo.

Ili kulielewa fundo la pili inabidi tuzungumzie saa. Mashindano makubwa ya kwanza ya kimataifa yalifanyika London mwaka 1851, na hayakuwa na saa. Mtu angeweza kuutazama ubao mpaka mpinzani asinzie, na malalamiko yalikuwa mengi. Baadaye zikajaribiwa chupa za mchanga, moja kwa kila mchezaji, zikilazwa na kusimamishwa. Mwaka 1883, kwenye mashindano mengine ya London, ikaletwa saa iliyobuniwa na Thomas Bright Wilson wa Manchester: saa mbili juu ya mti mmoja unaobembea kama pembea ya watoto. Ukimaliza hatua yako unainamisha upande, yako inasimama na ya mwenzio inaanza kutembea. Hastings iliwapa wachezaji saa mbili kwa hatua 30 za kwanza.

Saa ilipoingia, likazaliwa jambo ambalo halikuwepo: mtu kushindwa bila kufungwa na bila kukiri. Zamani ulikuwa na njia mbili tu za kushindwa, chekimeti au kusema mwenyewe yamekwisha. Sasa kuna ya tatu. Unaacha wakati wako uishe. Von Bardeleben alikuwa na dakika zimebaki kwenye saa yake, na zamu ilikuwa yake. Hakumlaza mfalme wake, hakumpa Steinitz mkono. Aliinuka akaondoka, na saa ikaendelea kutembea mbele ya kiti kitupu mpaka muda ukamwishia.

Watu walichukizwa, na ninaelewa kwa nini. Ustaarabu wa wakati ule ulidai ukiri mbele ya aliyekushinda. Ukikaa barazani kwenye bao au drafti utaona hivyo hivyo: mtu akifungwa anaweza kubisha, anaweza kudai marudio, anaweza hata kuzifagia kete zote kwa kiganja, lakini kuinuka kimyakimya na kumwacha mwenzio akiutazama ubao peke yake ni tusi la aina yake. Hata hivyo sitaki kumhukumu sana. Amefanya hatua ya 22 ambayo wachache wangeiona, ameweka jeshi zima la bingwa wa zamani mdomoni mwake, na haliliki. Kuna kushindwa kunakouma zaidi kwa sababu ulikaribia. Na mwanya aliopitia uliachwa wazi na sheria yenyewe. Saa ilitungwa imlazimishe mtu kucheza. Hakuna aliyefikiria mtu ambaye hataki kucheza tena na hataki kusema hivyo.

Mchezo ulipata zawadi ya mchezo mzuri kuliko yote ya mashindano. Kwenye msimamo wa mwisho haukumwokoa Steinitz: alimaliza wa tano kwa pointi 13, nyuma ya Pillsbury mwenye 16½, Chigorin 16, Lasker 15½ na Tarrasch 14. Von Bardeleben alimaliza na 11½. Steinitz alifariki New York miaka mitano baadaye, Agosti 1900, akiwa fukara.

Lakini siku ile, kiti cha mbele yake kikiwa kitupu, aliwaonyesha waliokuwepo kilichobaki. Chekimeti kwa hatua 10, zote cheki, bila mwanya hata mmoja wa ile ngome ya c8 kushuka kufanya kazi yake. Mfalme anarudi g8, ngome inarudi g7, mfalme h8. Sasa inaonekana yule askari wa h7 aliliwa kwa nini: mstari wa h uko wazi, na malkia anaingia h4. Mfalme anaila ngome g7, hatimaye, na sasa haimsaidii kitu. Malkia h7, mfalme f8. Malkia h8, mfalme e7. Malkia g7, mfalme e8. Malkia g8, mfalme e7. Malkia f7, mfalme d8. Malkia f8, na malkia mweusi anakimbilia e8 kuziba, akikiacha kwa mara ya kwanza kile chumba alichogandia tangu hatua ya 15. Farasi anaingia f7, cheki. Mfalme ana chumba kimoja tu kilichobaki ubaoni, na ni hicho hicho alichokiacha malkia wake, d7. Malkia mweupe anashuka d6.